Printi za Vasarely, na zile namba za penseli pale chini

Kuna printi za skrini ambazo ukiziona unasema sawa, rangi nzuri, unapita zako. Halafu kuna za Victor Vasarely, msanii mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Paris, unapita, unarudi, unasogeza kichwa kushoto, kulia, juu, kama mtu anayetafuta netiweki, coz karatasi unajua kabisa ni bapa lakini jicho limekataa katakata kukubali.

Nazungumzia zaidi zile za miaka ya sitini na sabini. Kuna ukoo mzima wa kazi alizoziita Vega, jina la nyota, na namna anavyozitengeneza ukielezwa unaona ni kitu cha kitoto: unachukua gridi ya kawaida ya miraba au vidoti, halafu katikati unaivuta. Vidoti vya katikati vinanenepa vinakuwa duara kamili, vinavyokaribia ukingo vinabanwa, vinakuwa vyembamba, virefu, vimebanana, na hapohapo unaona mpira umevimba kutoka nyuma ya karatasi. Hakuna kivuli alichopaka. Hakuna brashi iliyolainisha kitu. Ni maumbo bapa yenye rangi bapa, kila moja na mpaka wake, kazi yote iliyobaki unaifanya wewe mwenyewe kichwani. Vega ya kwanza ni ya 1957 na ni nyeusi na nyeupe tupu, za rangi zikaja baadaye na ndizo watu wengi wanazijua.

Halafu kuna ukoo wa pili, wa maboksi, ambao mimi naupenda zaidi. Unachukua rombasi tatu (lile umbo la almasi), moja rangi nyepesi, moja ya kati, moja nzito, unazikutanisha kwenye ncha moja, unapata pembesita. Sasa hiyo pembesita ni boksi linalokuja kwako au ni kona ya chumba inayoingia ndani? Zote mbili. Ila huwezi kuziona zote kwa wakati mmoja, ubongo unachagua moja, unakaa nayo sekunde kadhaa, unageuza, unarudi. Vasarely anaunganisha pembesita za namna hiyo nyingi, anachezea rangi ili kila upande ubishane na wa jirani yake, na unaweza kukaa pale ukiwa huelewi hata sakafu iko wapi. Nina printi moja ya ukoo huu ukutani, ya miaka ya sabini, na mpaka leo sijaamua lile boksi la katikati linaangalia wapi.

Sasa hoja yangu, na najua kuna watu wa sanaa watanipinga, ni kwamba kazi halisi ya Vasarely ni hizi printi. Sio kanvasi. Kanvasi zake ziko kwenye makumbusho makubwa, sawa, zina heshima yake, lakini ukisoma alichokuwa anakitaka huyu mzee miaka yote, kanvasi ni hatua ya njiani tu, ni mahali pa kujaribia, na skrini ndiyo ilikuwa safari yenyewe. Ngoja nijieleze.

Nianze na skrini, coz bila kuielewa utaona kama aliprinti tu ili auze nyingi. Unakuwa na fremu, juu yake umevutwa wavu mwembamba sana, zamani ulikuwa wa hariri, ndio maana wengine mpaka leo wanaita silikskrini, siku hizi ni poliesta au nailoni. Sehemu za wavu ambazo hutaki wino upite unaziba, umbo lako unaliacha wazi. Unamwaga wino upande mmoja, unaukokota kwa ule mpini wenye raba, wino unapenya penye uwazi unashuka kwenye karatasi. Kwisha. Ukitaka rangi ya pili ni stensili ya pili, ya tatu ni ya tatu, kwahiyo printi yenye rangi 12 ni karatasi ileile imelazwa chini ya skrini mara 12, na kila mara lazima ilale palepale ilipolala mwanzo, ikiteleza hata milimita moja utaona kamstari keupe kati ya rangi mbili au rangi moja imempandia mwenzake. Kwenye picha ya maua unavumilia, unasema ni mtindo. Kwenye jiometria haiwezekani, yaani kosa linapiga kelele, na ule udanganyifu wote wa boksi na mpira unakufa hapohapo, coz jicho likishaona ule ufa linakumbuka ni karatasi.

Ndio maana nikiona printi ya Vasarely yenye rangi 20 na zaidi zote zimekaa bega kwa bega bila ufa huwa namfikiria fundi wa skrini kabla ya msanii. Hawa mafundi majina yao hayaandikwi mara nyingi, nalo ni jambo linaloniudhi kidogo. Mmoja anajulikana, Wifredo Arcay, Mkyuba aliyehamia Paris na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya hamsini akawa anaprinti kazi za wasanii wa jiometria waliokuwa wamejikusanya kwenye galari ya Denise René. Mtu akikuambia printi za kipindi kile zilitoka safi vile kwa sababu ya wachoraji peke yao, mwambie aende akajaribu kulinganisha skrini nne tu.

Na kuna suala la wino. Wino wa skrini unakaa juu ya karatasi, mzito, umefunika kabisa, hauonyeshi kilicho chini, hauna mpapaso wa mkono. Rangi ya mafuta kwenye kanvasi hata ujitahidi vipi itabaki na nyuzi za kitambaa, itabaki na alama ya brashi, itabaki na wewe. Vasarely hakutaka hivyo. Alitaka rangi iwe rangi, nyekundu iwe nyekundu kona hii mpaka kona ile bila kupungua hata chembe, coz akiweka nyekundu pembeni ya bluu anataka hizo mbili zigombane zenyewe, sio zigombane na tabia ya mkono wake siku hiyo. Skrini inampa hicho kitu bure. Tena kona kali: stensili za kipindi hicho nyingi zilikuwa ni filamu inayokatwa kwa kisu, na kisu kinapenda mstari mnyoofu kuliko kitu kingine chochote.

Skrini yenyewe ilitoka kwenye biashara. Mwingereza Samuel Simon wa Manchester alichukua hataza yake, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, mwaka 1907, na kwa miaka mingi ilikuwa ni ya mabango, mabendera, vibao vya maduka. Wamarekani walipoanza kuitumia kwa sanaa miaka ya thelathini wakaitafutia jina la kistaarabu, serigrafia, ili isichanganywe na matangazo. Mimi naona hapo kulikuwa na kamajivuno fulani. Kwa Vasarely aibu hiyo haikuwepo kabisa, sababu yeye mwenyewe alitokea kwenye matangazo.

Alizaliwa 1906 mji wa Pécs, Hungaria, jina la kuzaliwa Győző Vásárhelyi. Alianza kusomea udaktari Budapest, miaka kama miwili hivi, akaacha, akahamia kwenye uchoraji. Mwisho wa miaka ya ishirini akaingia karakana ya Sándor Bortnyik palepale Budapest, ambayo ilikuwa inafundisha kwa mwelekeo wa Bauhaus, ile shule ya sanaa na usanifu ya Ujerumani: mchoro, herufi, bango, kiti, jengo, vyote ni familia moja na msanii hana sababu ya kujifungia na easeli yake akisubiri roho imshukie. Hiyo kitu ilimwingia na haikumtoka tena. 1930 akahamia Paris, na kwa miaka mingi pale alikula kwa kuchora matangazo, mabango, kazi za wateja, akiwa na mke na watoto wawili wa kulea. Watu wengine wanaandika kipindi hiki kwa haraka haraka, ati alikuwa anatafuta riziki kabla hajawa msanii. Mimi naona hapo ndipo alipojifunzia kila kitu. Mtu wa matangazo anajua picha itaonwa na mtu anayepita, anayo sekunde mbili, hakuna wa kusimama pembeni amweleze maana yake. Na anajua picha itatoka maelfu ya nakala, kwahiyo neno nakala halimtishi.

1937 ndio anachora pundamilia wake. Hawa itabidi uwatafute uwaone. Hakuna mstari unaozunguka mwili wa mnyama, hakuna tumbo wala mgongo uliochorwa, kuna milia tu, nyeusi na nyeupe, na pale milia inapopinda ndipo mwili unapotokea. Pundamilia wenzetu tunawajua tangu tukiwa wadogo, lakini jamaa aliwatazama akaona kwamba mnyama mzima anaweza kuelezwa kwa mstari unaopinda tu, ukipinda hapa ni paja, ukipinda pale ni shingo. Miaka 20 baadaye Vega ni kitu kilekile, ila pundamilia ameondolewa imebaki milia.

Katikati hapo alipotea kidogo, miaka ya vita na baada yake alijaribu mitindo mingine ambayo yeye mwenyewe baadaye aliiona ni njia zisizo zake. 1944 Denise René anafungua galari yake Paris na Vasarely ndiye anayeanza nayo, na huyu mama ni nusu ya hadithi yote hii, alishikilia sanaa ya jiometria wakati ambao soko la Paris lilikuwa linataka vitu vingine kabisa, vya kumwaga rangi na hisia.

Kuna mambo matatu alikuwa akiyataja kama mlango wake wa kuingilia kwenye sanaa ya dhahania, yaani ya maumbo tupu bila kuchora kitu, na yote matatu ni ya kuangalia tu. La kwanza mawe: kiangazi cha 1947 alikuwa kisiwa cha Belle-Île, akaanza kuchungulia kokoto na vioo vilivyolainishwa na bahari, akaona kila kitu asilia kina umbo la jiometria limejificha ndani. La pili Gordes, kijiji cha kilimani kusini mwa Ufaransa chenye jua la kuumiza, ambako dirisha dogo ukiwa ndani ya nyumba ni mraba wa mwanga mkali, ukitoka nje dirisha lilelile ni shimo jeusi. Hilo boksi langu la ukutani linalokuja na kurudi limezaliwa pale, sina shaka. La tatu ni nyufa kwenye vigae vyeupe vya stesheni ya metro ya Denfert-Rochereau, Paris, alikuwa akizitazama wakati anasubiri treni. Yaani mtu anasubiri treni. Mimi nikisubiri treni natazama saa.

1955 galari ya Denise René ikafanya maonyesho yaliyoitwa Le Mouvement, humo wamo Calder, Duchamp, Tinguely, Soto, Agam na wengine, na Vasarely akatoa andiko lake lililochapwa kwenye karatasi ya manjano ndio maana linaitwa Manifesto ya Manjano. Sitalimaliza hapa lakini kiini chake ndicho kinachonihusu: kwamba picha ya kipekee, moja tu duniani, inayokaa kwa tajiri mmoja, ni kitu cha zamani. Kwamba kazi ya msanii ni kubuni kitu ambacho kinaweza kurudiwa, kuzidishwa, kukuzwa kikawa ukuta, kupunguzwa kikawa karatasi, na kila kimoja ni halali sawa na kingine. Sio kwamba kuna baba na watoto wake. Wote ni sawa.

Na hakuishia kuandika. 1959 akachukua hataza (ndio, hataza, kama mvumbuzi wa mashine) ya mfumo wake. Mfumo wenyewe ni huu: mraba mdogo wa rangi moja, ndani yake umbo jingine dogo la rangi nyingine, duara au mraba au pembetatu au rombasi na jamaa zake. Hicho ndicho kipande kimoja. Ukiwa na maumbo machache na ngazi za rangi kutoka nyepesi kwenda nzito, unapata vipande vingi mno vya kupangilia, akaita alfabeti. Kila umbo na kila rangi ikapewa alama yake, herufi na namba, kwahiyo yeye anakaa na karatasi ya miraba anaandika mpangilio, wasaidizi wanaufuata, wanakata, wanabandika, wanapaka. Picha inakuwa maelekezo. Hii ni kabla kompyuta haijawa kitu cha studio ya mchoraji, na mtu yeyote aliyewahi kupanga pikseli moja moja ataielewa mara moja bila kuelezwa.

Sasa unganisha na skrini. Kama picha ni maelekezo, basi ya asili iko wapi? Kwenye kanvasi aliyoipaka msaidizi? Kwenye karatasi ya miraba yenye namba? Hakuna. Kuna wazo na kuna utekelezaji wake, na utekelezaji ulio safi kuliko wote, usio na mkono wa mtu, unaoweza kutoka mara 200 ukiwa uleule, ni wa skrini. Hapo ndipo ninaposimamia. Printi ya Vasarely haitokani na mchoro mwingine uliopigwa kopi. Ni ile picha, imefika ilikokuwa inaenda.

Halafu umaarufu ukaja na ukaja kwa kishindo. Mwanzoni mwa 1965 MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, wakafungua maonyesho ya The Responsive Eye, yaliyoandaliwa na William Seitz, humo Vasarely, Josef Albers, Bridget Riley na kundi kubwa, na watu walijaa. Op Art, ndio jina la sanaa hii ya kudanganya jicho, ikawa fasheni ndani ya miezi, nguo, vitambaa, madirisha ya maduka, kila kitu ni mistari nyeusi na nyeupe. Riley alichukia, aliona kazi yake imegeuzwa gauni bila ruhusa na akatafuta mwanasheria, na ninamwelewa kabisa. Vasarely yeye alikuwa upande mwingine, alitaka sanaa itoke ukutani iende kwenye vitu. Mwaka huohuo akatoka na tuzo kubwa ya Biennale ya São Paulo, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili kule Brazil, akigawana na Alberto Burri.

Baada ya hapo jamaa yuko kila mahali. Vidoti vya nyuma ya uso wa mwanamuziki David Bowie kwenye albamu yake ya 1969, toleo la Uingereza, ni Vasarely. Nembo ya Renault ya 1972, ile almasi ya mistari sambamba, ni yeye na mwanae Jean-Pierre ambaye alijiita Yvaral. Chumba cha kulia cha benki kuu ya Ujerumani kule Frankfurt, ni yeye na mwanae tena. Vyombo vya Rosenthal. Ukumbi wa stesheni ya Montparnasse. Na kabla ya yote hayo, 1954, kuta za chuo kikuu cha Caracas alichojenga Carlos Raúl Villanueva, ambazo kwa maoni yangu ndizo bora kuliko zote alizoweka kwenye jengo. 1976 taasisi yake ikafunguliwa Aix-en-Provence, jengo lenyewe ni pembesita zimeshikana, ndani kazi kubwa za ukutani, na mwaka huohuo kwao Pécs wakafungua makumbusho yake.

Ila hii niliisoma mara mbili: 1982 Mfaransa Jean-Loup Chrétien alipopanda kwenda kituo cha anga cha Wasovieti, Salyut 7, alibeba printi 154 za Vasarely. Printi za skrini. Zikazunguka dunia huko juu, zikarudi, zikauzwa kwa ajili ya UNESCO. Mtu aliyeipa picha jina la nyota, printi zake zikaenda zikaisalimia, kwa kweli sijui msanii mwingine angejisikiaje lakini mimi ningestaafu siku hiyo.

Wakati huohuo wakosoaji walishamchoka. Ati ni mapambo. Ati ziko kwenye ofisi za madaktari wa meno. Ati zimezidi. Na ni kweli zilizidi, siwezi kumtetea kwa kila kitu, kuna printi za mwishoni mwa miaka ya sabini na themanini ambazo unaona kabisa mfumo unajiendesha wenyewe, zile rangi za kung'aa kama metali, mpira uleule, boksi lilelile, hakuna aliyekuwa anauliza swali tena. Alfabeti ikiwa nzuri mno hatari yake ni hiyo, inaandika hata usipokuwa na la kusema. Lakini ile lawama nyingine, ya kwamba ziko kila mahali, mbona ndicho alichosema atafanya? Aliandika 1955 kwamba anataka picha ziwe kila mahali, zikawa kila mahali, watu wakamlaumu kwamba ziko kila mahali. Jamani.

Kinachonisumbua mimi ni kingine, na ndio kichwa cha habari hapo juu. Chukua printi yake yoyote ya kipindi hicho, angalia chini. Kulia kuna sahihi ya penseli, Vasarely. Kushoto kuna namba, tuseme 45/250, maana yake hii ni ya 45 kati ya 250. Nyingine badala ya namba zina E.A., nakala ya msanii, au H.C., nakala ambazo hazikupangiwa kuuzwa. Sasa ebu fikiria. Mtu amepigana maisha yake yote kuua kitu cha kipekee, ameondoa mkono wake kwenye rangi, ameondoa mkono kwenye mstari, ametafuta mafundi na skrini ili nakala ya kwanza na ya 250 zisitofautiane hata unywele, halafu mwishoni anachukua penseli anarudisha mkono pale chini kwenye ukingo. Na anaweka idadi. Kwa nini 250? Stensili haichoki kwenye 250, ingeweza kuendelea. Idadi ni ya soko, ili kiwe kichache, ili aliyenacho ajue wengine hawana.

Sio kwamba namhukumu. Galari inakula, fundi analipwa, mtu anayenunua printi anataka uhakika. Na kulikuwa na mabango yake ya kawaida pia, bila sahihi bila namba, ya bei ya mtu wa kawaida. Lakini ni kichekesho kwamba leo hii kitu kinachotofautisha printi inayogombaniwa mnadani na isiyogombaniwa ni sentimita chache za penseli, yaani sehemu pekee ya karatasi nzima ambayo haina uhusiano wowote na picha. Na hiyo penseli ndiyo inayoghushiwa. Printi feki za Vasarely zipo sokoni kwa muda mrefu, na mara nyingine kilicho feki ni sahihi tu, karatasi yenyewe ni bango halali lililokatwa maandishi ya chini.

Kwa anayetaka kununua basi, ambaye najua atakuja kuniuliza, usianze na sahihi. Anza na wino. Chukua kioo cha kukuzia, kile cha vito kinatosha, weka juu ya rangi moja. Ukiona vidoti vidogo vya bluu bahari, waridi, manjano na nyeusi vimechanganyikana, hiyo ni ofseti, uchapaji wa mashine wa vitabu na magazeti, ni bango au ukurasa wa kitabu, hata iwe na sahihi ndefu vipi. Skrini ni rangi moja nzito iliyojaa, mpaka wake umekatwa, na ukiinamisha karatasi kwenye mwanga unaona wino umenyanyuka kidogo juu ya karatasi, mahali rangi mbili zinapokutana kuna kangazi. Kisha angalia ukingo mweupe, kama umekatwa jiulize nani alikata na alikuwa anaondoa nini. Kisha rangi: zambarau na nyekundu huwa zinaondoka kwanza zikikaa juani, na Vasarely aliyefifia ni hasara kubwa kuliko msanii mwingine aliyefifia, coz kila ngazi ya rangi ina kazi, ukipoteza ngazi mbili katikati ule mpira unapasuka, karatasi inarudi kuwa bapa. Karatasi ya kadi iliyotumika nyuma ya fremu nayo, za zamani nyingi zina asidi, zinaunguza ukingo unakuwa wa kahawia. Sahihi iwe ya mwisho kuangaliwa.

Vasarely alifariki Paris Machi 1997 akiwa na miaka 90, baada ya hapo ukaendelea ugomvi mrefu wa kisheria kuhusu kazi zake na taasisi yake ambao siutaki hata kuugusa, na kwa muda jina lake likawa linatajwa zaidi kwa kesi kuliko kwa picha. 2019 makumbusho ya Centre Pompidou pale Paris wakamfanyia maonyesho makubwa na vijana wa usanifu wa grafiki wakamgundua upya, kitu ambacho sikushangaa, hao ndio ndugu zake wa kweli.

Na kama kwa bahati unayo ile isiyo na penseli, skrini halali ya zamani, wino mzito, rangi hazijaondoka, ila hakuna sahihi wala namba na muuzaji amekuachia kwa bei ya kukuonea huruma, wala usijisikie umepata ya pili kwa ubora. Kwa sheria za yule mzee mwenyewe za 1955 unayo ileile waliyonayo wengine, imetoka skrini ileile, na tena ya kwako haijaguswa.